Damu Isiyofika na Damu Isiyorudi

Katika neema ambazo mwanadamu huzitumia kutwa bila ya kuzikumbuka, miguu imo. Twaikumbuka siku inapotukataa. Mzee aliyekuwa akitoka kwake mpaka msikitini bila ya kusimama, sasa husimama mara mbili njiani, akajifanya anatazama biashara za watu; ukimwuliza atasema, "Ni uzee tu, mwanangu." Mama auzaye vitumbua tangu alfajiri huona jioni miguu imejaa mpaka kanda za kandambili zinamkata, naye husema, "Ni uchovu." Na bwana mwenye kisukari amechomwa na msumari tangu juzi wala hana habari, kwa kuwa hakusikia kitu. Watu hawa watatu majirani huwapa jina moja: "Damu yake haitembei vizuri." Kisha huwapa na dawa moja: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa kwa mafuta, na kufungwa bendeji.

Ndugu msomaji, somo letu ni kuonyesha kwamba watu hao hawana ugonjwa mmoja, na kwamba dawa imfaayo mmoja wao yaweza kumpotezea mwenziwe mguu. Jambo hili si dogo, kwani miguu mingi hukatwa hospitalini ambayo ingaliokoka lau mwenyewe angalijua mapema ugonjwa wake ni wa upande gani.

Na tuanze na njia yenyewe ya damu. Moyo ni pampu. Kila unapopiga husukuma damu katika mishipa iitwayo ateri, yenye kuta nene zinazonepa, nayo huipeleka mpaka kwenye ncha za vidole. Huko ateri hugawanyika ikawa vijishipa vyembamba kuliko unywele, ndipo nyama ya mwili hupokea chakula chake na hewa safi, na kutoa taka zake. Kisha damu hukusanywa katika mishipa mingine, yaani vena, ianze safari ya kurudi. Safari ya kwenda ina nguvu ya moyo nyuma yake. Ya kurudi haina nguvu hiyo ila kidogo, na kwa mtu aliyesimama, safari hiyo ni ya kupanda mlima. Ni nani basi anayeipandisha? Ni misuli ya shavu la mguu. Kila upigapo hatua, misuli hiyo hujikaza na kuziminya vena zilizo baina yake, damu ikapanda. Na ndani ya vena mna vali, vijilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, ili damu iliyokwisha kupanda isirudi chini. Ndiyo sababu wako wataalamu waliolipa shavu la mguu jina la moyo wa pili.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Kwa zaidi ya miaka elfu matabibu walifuata maneno ya Galen, Mgiriki wa kale, aliyedhani kwamba damu hutengenezwa katika ini na kuishia mwilini kama maji ya mfereji yaishiavyo shambani, na kwamba hupenya katika ukuta wa katikati ya moyo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Aliyelikataa neno hili la mwisho mbele ya wengine ni tabibu Mwislamu, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Sham na kufanya kazi yake Misri. Mwaka 1242 aliandika kwamba ukuta ule hauna tundu, na kwamba damu haina budi kupita kwanza katika mapafu. Alifariki mwaka 1288, na maandishi yake yakasahauliwa mpaka mwaka 1924, daktari mmoja wa Kimisri alipoyakuta katika maktaba ya Berlin. Hata hivyo mzunguko mzima wa damu ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey, aliyetoa kitabu chake mwaka 1628. Mwalimu wake wa Padua, Fabricius, alikuwa amekwisha kuzieleza vali za vena mwaka 1603, lakini hakujua kazi yake. Harvey aliifunga kamba mkono wa mtu mpaka vena zikatuna, akabonyeza moja kwa kidole na kuikamua kuelekea juu. Akaona kwamba sehemu iliyokamuliwa haijai kutoka juu hata kidogo. Wewe pia waweza kujaribu katika mkono wako mwenyewe, nawe utaona kwa macho yako lile lililowapita wakubwa wa dunia kwa karne nyingi.

Kwa hiyo miguu yaweza kuharibikiwa kwa njia mbili zilizo kinyume. Ama damu haifiki, kwa kuwa ateri zimezibwa. Ama imefika lakini hairudi, kwa kuwa vena na vali zake zimeshindwa. Mwenye kuzichanganya njia hizi mbili amechanganya shamba lililokosa maji na shamba lililofurika.

Tuitazame ile ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari zaidi. Ndani ya ateri hujengeka polepole ukoko wa mafuta na chokaa, kama ukoko unavyojijenga ndani ya birika. Kazi hiyo huchukua miaka mingi bila ya maumivu yoyote. Mguu ukiwa umepumzika huhitaji damu kidogo tu, na hiyo kidogo huipata; lakini mtu akitembea, misuli hudai damu mara nyingi zaidi, na mshipa uliosongwa hauwezi kuitoa. Hapo misuli hulia. Maumivu huja katika shavu la mguu, au paja, au tako, kwa kadiri ya mahali palipoziba. Humkaza mtu mpaka asimame. Naye akisimama dakika chache tu, huondoka yenyewe. Akiendelea na safari, humrudia baada ya umbali ule ule. Mzee wetu asimamaye mara mbili njiani kwenda msikitini, akisimama kila siku mbele ya duka lile lile, hana uzee: ana ateri iliyoziba. Uzee haupimi hatua.

Waliolieleza jambo hili mwanzo hawakulijulia kwa binadamu, bali kwa farasi. Mwaka 1831 Bouley, tabibu wa wanyama wa Ufaransa, aliandika habari za farasi aliyekuwa akichechemea kila alipotembezwa kitambo, na akipumzishwa hupona. Alipokufa, wakaikuta ateri yake ya paja imeziba. Mwaka 1858 Charcot, Mfaransa mwingine, akaonyesha kwamba hali hiyo hiyo humpata mtu. Haya nayaandika ili asidhani mtu kwamba anapolalamikia kigugumizi hiki cha miguu anajidekeza. Hata mnyama asiyejua kujidekeza hulalamika.

Usichanganye na maumivu ya uti wa mgongo. Hayo nayo huja mtu akitembea, lakini kusimama peke yake hakuyaondoi. Yamlazimu mgonjwa aketi au ainame mbele. Na maumivu ya goti huanza kwa hatua ya kwanza, wala hayangoji umbali. Kwa maswali hayo mawili tu, mtu asiye daktari aweza kujielekeza vizuri.

Njia ikizidi kuziba, maumivu hayangoji tena kutembea. Huja usiku kitandani, katika nyayo na vidole, na mgonjwa huuning'iniza mguu chini ya kitanda, au hulala kitini, kwa sababu mguu ukishuka damu kidogo huteremka nayo ikampoza. Ngozi hung'aa na kuwa nyembamba, malaika ya mguu hutoka, kucha hukua kwa shida, na mguu huwa baridi kuliko mwenziwe. Kidonda kikitokea, aghalabu huwa katika ncha za vidole au kisiginoni, kikavu, chenye kuuma, wala hakiponi. Aliyefika hapa asihesabu majuma. Ahesabu siku, aende hospitali. Baada ya hapo kidole huwa cheusi, na kilichokufa hakifufuki kwa dawa ya kupaka.

Waweza kujipima nyumbani, ingawa kipimo hiki hakimwondolei daktari kazi yake. Lala chali, mtu akuinue mguu kiasi cha nusu ya kusimama wima, aushikilie dakika moja huku akitazama unyayo. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, unyayo ndio usemao kweli, si juu ya mguu. Ukipauka sana, kisha ukiuteremsha ukachelewa kupata rangi na baadaye ukaiva wekundu, shuku ateri. Jaribu pia kuutafuta mpigo: mmoja uko juu ya mguu, kwenye mgongo wa wayo, na mwingine uko nyuma ya kifundo cha ndani. Watu wachache wazima hawana mpigo wa juu ya wayo tangu kuzaliwa, lakini kuikosa yote miwili si jambo la kunyamazia.

Hospitalini watapima shinikizo la damu kifundoni na mkononi, kisha waligawe la kifundo kwa la mkono. Kwa mtu mzima jibu hukaribia 1 au huzidi kidogo, likiwa 0.9 au chini yake, ateri za mguu zimesongwa. Ni kipimo cha bei ndogo, kisicho na sindano wala kisu, nacho huchukua muda mfupi. Kwa mwenye kisukari wa miaka mingi jibu laweza kudanganya likawa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa ateri zake zimekuwa ngumu kama bomba; huyo apimwe kwa njia nyingine.

Je, ni nani wanaopatikana na balaa hili? Ilikadiriwa kwamba mwaka 2010 walikuwapo watu wapatao milioni 200 duniani wenye ateri za miguu zilizosongwa, na wengi wao walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Kisukari, shinikizo kubwa la damu, lehemu iliyozidi, na umri, vyote vina sehemu yao. Lakini kwa miguu hakuna adui amshindaye tumbaku. Moshi huikaza mishipa, huikwaruza kuta zake za ndani, huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na huinyang'anya hewa yake safi. Uko hata ugonjwa mmoja ulioelezwa na Leo Buerger mwaka 1908, unaowashika vijana wavutaji, wengi wao hawajafika hata miaka 45, ukaziba mishipa ya vidole vya miguu na mikono. Na hao, akiacha mmoja tumbaku kabisa, ugonjwa kwa kawaida husimama, akiendelea nao huendelea, kidole baada ya kidole. Sigara moja au mbili kwa siku zatosha kuuendeleza. Wala asijifariji mwenye kutafuna tumbaku katika tambuu, au kunusa ugoro, au kuvuta shisha, kwamba yeye si mvuta sigara.

Mfano mashuhuri wa mambo haya ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Alikuwa mvutaji mkubwa. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 52, miguu ilianza kumwuma na kumfa ganzi; madaktari wakaona kwamba damu haifiki vema, wakahofu kuukata mguu wa kulia. Safari yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Machi 1949 walimpasua na kuzikata neva fulani karibu na kiuno, ili mishipa ya mguu ilegee. Mguu uliokoka. Lakini tumbaku haikuwa imegusa mguu peke yake: Septemba 1951 aliondolewa pafu lenye saratani, na tarehe 6 Februari 1952 akafariki usingizini kwa kuziba mshipa wa moyo. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya wakati huo, njiani kuitimiza safari ile ile ya Australia kwa niaba ya baba asiyeweza kusafiri. Habari ya kwamba amekuwa malkia aliipokea Sagana, karibu na Nyeri. Utajiri wote wa ufalme haukuweza kumnunulia mtu huyo ateri mpya. Na ndiyo maana daktari akimwona mgonjwa mwenye ateri za miguu zilizoziba, haangalii miguu tu. Mafuta yaliyoziba paja yamo pia katika njia za moyo na za ubongo, na wengi wa wagonjwa hawa huuawa na moyo au kiharusi kabla mguu haujawashinda. Kwa hiyo hupewa dawa za kupunguza lehemu, za shinikizo la damu, na aspirini au mfano wake ili damu isigande ndani ya mishipa. Dawa hizo ni za kuandikiwa. Aspirini ya dukani huweza kumtokeza mtu damu tumboni, hivyo asiianze kwa shauri la jirani.

Lakini iko tiba moja isiyo na bei, ambayo watu huikimbia kwa kuwa inauma: ni kutembea. Mgonjwa atembee mpaka maumivu yaje na kuwa ya kutosha, asimame yaishe, atembee tena, afanye hivyo kwa nusu saa, na baadaye mpaka dakika 45, angalau mara tatu kwa juma, bila ya kuacha kwa majuma 12. Wengi hufika mwisho wa muda huo wakienda mbali zaidi kuliko walivyoanza, na wako wanaouzidisha umbali wao mara mbili. Sababu yake ni kwamba misuli hujifunza kuitumia vema damu kidogo iliyopewa, na vijishipa vya kando huweza kupanuka. Maumivu hayo ya kutembea hayauharibu mguu. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu watoto wema, kwa kumhurumia baba, humwekea kiti barazani na kumtuma mjukuu kila kitu. Wakidhani wanamwenzi, kumbe wanamfunga miguu. Aliye na kidonda, au anayeumwa hata akilala, huyo si wa kuambiwa atembee. Huyo ni wa hospitali.

Na zikishindwa njia hizi, mshipa waweza kufunguliwa kutoka ndani au kupitishiwa njia mpya. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alimtibu mama wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuoza na ambaye alikataa katakata kukatwa mguu. Alipitisha mrija mwembamba katika ateri ya paja, kisha mnene kidogo, akaipanua ilipozibana. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na mama yule akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake. Tiba zote za mirija ya moyo zinazotajwa leo ni wajukuu wa siku ile. Katika Afrika Mashariki tiba hii hupatikana katika hospitali chache kubwa tu, na gharama yake ni nzito. Ndiyo sababu ya kuwahi.

Sasa tuigeukie njia ya pili, damu isiyorudi. Huyu ndiye mama wa vitumbua, na mwalimu asimamaye ubaoni, na kinyozi, na askari wa lindo, na mpishi. Mtu akisimama saa nyingi bila kutembea, moyo wa pili haupigi. Damu hujaa chini, vena hutanuka, vali hazikutani tena, na kilicho juu huanguka chini. Mimba nazo huongeza uzito na kuzilegeza vena, na ndiyo sababu akina mama wengi huiona mishipa ya buluu iliyojiviringa kama kamba tangu mtoto wa kwanza. Unene wa mwili huchangia, na nasaba pia. Mguu huwa mzito, hujaa jioni na kupungua asubuhi, huwasha, na ngozi ya juu ya kifundo cha ndani hugeuka rangi ikawa nyeusi zaidi na ngumu. Kidonda kikizuka huwa hapo hapo, kipana, chenye majimaji mengi.

Tazama sasa jinsi tiba inavyogeuka. Mwenye ateri iliyoziba hupata nafuu mguu ukishuka. Mwenye vena mbovu hupata nafuu mguu ukipanda. Huyu wa pili na alale miguu ikiwa juu ya mto, imezidi usawa wa moyo, robo saa au nusu saa mara kadhaa kwa siku; na akiwa kazini anyanyue visigino na kuviteremsha, mara ishirini, kila apatapo nafasi. Dawa yake kubwa ni kubanwa: soksi za kubana, au bendeji iliyofungwa kuanzia vidoleni kwenda gotini, ikibana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Kidonda cha vena kilichofungwa hivyo hupona upesi zaidi kuliko kilichopakwa marhamu ghali bila ya kubanwa. Lakini bendeji hiyo hiyo ukiifunga katika mguu wenye ateri iliyoziba, umekifunga kibomba chembamba kilichobaki, na kesho utakuta vidole vyeusi. Kwa hiyo kabla ya kubana mguu wowote, ateri zipimwe kwanza. Na asiyeweza kupimwa asibane.

Si kila mguu uliojaa ni wa vena. Ikijaa yote miwili kwa pamoja, na mtu akawa anapungukiwa pumzi au uso umemvimba, moyo au figo ndiyo ya kutazamwa. Na katika pwani yetu yako pia matende, yaletwayo na minyoo ya filaria ienezwayo na mbu. Hayo yana njia yake ya tiba, na huanzia kwa kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na kuukausha vema.

Lililo la haraka kuliko yote katika upande huu ni mguu mmoja kujaa ghafla, ukawa na maumivu na joto, hasa kwa mtu aliyelazwa siku nyingi, au aliyetoka kupasuliwa, au mzazi, au aliyeketi safari ndefu. Huenda bonge la damu limeganda katika vena ya ndani. Mguu huo usichuliwe kamwe! Bonge likichomoka kwa kuchuliwa hupanda mpaka mapafuni, na mtu aweza kufa papo hapo. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, na ashuke kila basi linaposimama, atembee, anywe maji. Na akiwa kitini azungushe nyayo zake. Wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa kutafuta choo; nawaelewa, lakini damu iliyokauka huganda upesi.

Amebaki bwana wetu wa msumari. Kisukari humvamia mtu miguuni kutoka pande mbili kwa pamoja: huziba ateri zake, na huziua neva zake. Kwa hiyo humwondolea damu, kisha humwondolea na mlinzi ambaye ni maumivu. Hata ile dalili ya kusimama njiani huenda asiipate. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wamelala, wasijue lolote mpaka asubuhi walipoona damu katika shuka. Ajabu hii si hadithi ya kuchekesha. Wako waliopoteza viungo kwa kuanzia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa Tanzania na India mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kuitunza miguu ya wenye kisukari, nao umeigwa katika nchi nyingine nyingi. Lakini muuguzi humwona mgonjwa mara moja kwa miezi, na mguu uko kwake kila siku.

Hapa msomaji anayesali ana nafasi ambayo wengine hawana. Anayeosha miguu yake kwa ajili ya sala mara kadhaa kwa siku, akapitisha kidole baina ya vidole, anaigusa na kuiona mara nyingi kuliko daktari yeyote awezavyo. Na aigeuze desturi hiyo kuwa ukaguzi: atazame unyayo, na asipoweza kuinama aweke kioo chini au amwite mtoto, atafute mpasuko, lengelenge, kucha iliyoingia nyama, rangi iliyogeuka. Akimaliza akaushe baina ya vidole, kwani unyevu unaobaki hapo huleta ukungu na nyufa, na ufa ni mlango wa wadudu. Kisigino kikavu kipakwe mafuta, lakini si baina ya vidole. Maji ayapime kwa kiwiko au mtu mwingine ayapime, si kwa mguu usiosikia. Katika nyumba zetu za bara wakati wa baridi, na hata pwani kwa mwenye ganzi, watu huikanda miguu kwa maji ya moto, au huiota kwenye kigae cha makaa, wakitafuta "kuamsha damu." Joto huifanya nyama idai damu zaidi, na damu haipo, mtu huungua bila ya kujua. Soksi za pamba zatosha. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na kabla ya kuvaa kiatu atie mkono ndani, kwani kijiwe kidogo chaweza kufanya kazi ya msumari. Viatu vipya avinunue jioni, mguu ukiwa umejaa, na sugu asiikate kwa wembe.

Kuhusu majani na mizizi, neno ni fupi. Haujaonekana mti uliothibitishwa kwamba humeng'enya ukoko ndani ya ateri. Anayekunywa kitunguu saumu na anywe kama chakula, huku akiendelea na dawa zake. Na chale zisichanjwe katika mguu usio na damu ya kuziponya.

Mguu ukiwa mzima jana, na leo kwa ghafla ukawa na maumivu makali, umepauka, baridi, hauna mpigo, umekufa ganzi, na vidole havitikisiki, bonge limeiziba ateri. Nyama ya mguu huvumilia kwa saa sita hivi. Mgonjwa achukuliwe wakati ule ule, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi, kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Usikandwe, usifungwe, usiinuliwe, bali ulazwe chini kidogo kuliko moyo. Huko awaambie waziwazi saa maumivu yalipoanza, dawa anazokunywa, kama moyo wake hupiga bila mpango, na kama anavuta.

Kwa aliye na nafasi ya kwenda taratibu, aende kliniki na majibu ya maswali machache: anatembea hatua ngapi kabla ya kusimama, maumivu yako wapi, yanaondoka kwa kusimama au kwa kuketi, mguu hujaa jioni au hujaa daima, kidonda kina siku ngapi. Avue viatu vyote viwili na soksi kabla hajaulizwa, na kama daktari ataandika dawa bila ya kuitazama miguu, amwombe kwa adabu aiguse mipigo ya nyayo.